Gari Kuukuu la Zimamoto la Mutrah

Darsait, Maskati
9 Novemba 1967

Dada yangu Mahbuba,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, wasiwasi wetu ni nyinyi tu. Nasriya anakusalimu na anasema kanga zimefika. Moja ameikata vipande vya kumvisha mtoto mchanga, kwa hivyo elewa mwenyewe kwamba iko habari. Inshallah mwezi wa tatu. Msalimie sana mkweo Bi Masouda, mwambie dawa yake ya miguu naitafuta sokoni Mutrah, bado haijaingia. Nibusie mwanao Hamdiya.

Nimepata kazi. Si ya kubeba magunia tena. Unajua kwamba kampuni ya mafuta iko Saih al-Maleh, nyuma ya mlima wetu huu. Tangu waanze kupakia mafuta melini wameletewa magari mapya ya zimamoto. Lile la zamani, Bedford la wakati wa vita, lilikwishafanya kazi uwanja wa ndege Bahrain, likaja kambini, na sasa walitaka kulisukumia bondeni likafie huko. Baladia ya Mutrah, yaani baraza la mji, wakaliomba. Wamelipata bure, lakini hakuna aliyejua kulitumia. Mudiri, mkubwa wa Baladia, akasimama mbele yetu sisi wapagazi akauliza nani amewahi kuendesha gari la zimamoto. Nikanyanyua mkono.

"Wapi?"

"Unguja."

Akanitazama kidogo, akaniambia nipande.

Rangi yake nyekundu imepauka kwa jua. Gia ya pili inaruka, mipira ya maji inavuja, pampu inakohoa. Lakini ni gari, dada. Mutrah yote hii ya makuti haijapata kuwa nalo. Nilipoingia nikakaa kwenye kiti, ile harufu ya mpira na mafuta na maji yaliyolala ikanipanda kichwani. Nilishuka nikatapika. Nakwambia mimi mwenyewe kabla Nasriya hajakwambia.

Nduguyo,
Harub


Kuze, Mombasa
14 Januari 1968

Mdogo wangu Harub,

Waalaykum salaam. Tumefunga Ramadhani salama, na idi tumekula kwa shangazi. Bi Masouda alifunga mwezi mzima kwa ubishi na miguu yake ile, tumeshindwa naye. Hamdiya anaongea kutwa. Nafurahi kwa habari ya Nasriya, asinyanyue vitu vizito.

Umeniandikia ukurasa mzima juu ya gari. Gia yake, rangi yake, kikohozi chake. Mume wangu alikuwa dereva wa gari kama hilo, na wewe ulikuwa kazini pamoja naye siku aliyouliwa. Barua yako ya mwaka sitini na nne ilisema Ishaq alipigwa risasi njiani, basi. Sijaolewa tena wala sitaki, lakini nataka kujua. Alikuwa amesimama wapi? Alisema nini? Nani alimfunika?

Maneno yangu si makali, Harub. Nauliza tu.

Dadako,
Mahbuba


Darsait
2 Juni 1968

Dada Mahbuba,

Baada ya salamu nyingi. Mtoto amezaliwa, mwanamume, tumemwita Mahfoudh kwa jina la baba. Nasriya hajambo. Dawa ya Bi Masouda nimempa mtu anayekuja huko kwa meli.

Nimechelewa kwa sababu nilikuwa hospitalini. Mwezi uliopita uliwaka moto kwenye vibanda vya makuti nyuma ya Mutrah, mchana, upepo unatoka bondeni kama pumzi ya tanuri. Moto wa makuti hautembei, unaruka. Mbuzi walikuwa wakikimbia wanawaka, na wakikimbilia kibanda, nacho kinawaka. Mwanamke mmoja alirudi ndani kufuata sanduku lake, hatukumwona tena ila miguu.

Tangi likatoa maji mpaka likaisha. Tukavuta ya bahari, pampu ikanywa mchanga, ikanyamaza. Nikaona hapana njia ila kuvunja safu nzima ya vibanda ambavyo havijawaka, moto ukute uwanja mtupu. Nikafunga mnyororo nyuma ya gari nikaanza kuving'oa kimoja kimoja. Watu wakanirukia. Wanaona moto uko kule na mimi nawabomolea huku. Nilipigwa mawe, kioo cha mbele kikavunjika usoni kwangu.

Kibanda cha mwisho kilikuwa cha mpagazi mmoja, Bakhit, tuliwahi kubeba magunia pamoja. Alisimama mlangoni na shoka.

"Harub, usiiguse nyumba yangu."

"Mama yako yuko wapi?"

"Wamemtoa. Usiiguse."

Nikafunga mnyororo mbele ya macho yake. Akanipiga begani. Nikapanda gari damu inanishuka mpaka kiunoni, nikatia gia, nikaing'oa. Moto ukafika pale, ukazungukazunguka, ukafa.

Siku ya tatu Bakhit alikuja hospitalini akakaa chini karibu na kitanda.

"Nilitaka kukuua," akasema.

"Najua."

"Sasa sina pa kulala."

Nikamwambia aende nyumbani kwa Nasriya aseme nimemtuma mimi. Alikaa kwetu na mama yake mpaka wakajenga.

Uliloniuliza nimelisoma. Bega likipona ntakujibu.

Harub


Kuze
20 Agosti 1968

Harub,

Salamu kwako na kwa Nasriya. Mola amkuze Mahfoudh. Dawa imefika, Bi Masouda anakuombea. Hamdiya ameugua surua, amepona, amekonda amebaki macho tu.

Bega najua limepona, kwa hivyo nakusaidia.

Thani alikuja Mombasa mwaka wa sitini na sita. Thani wenu wa zimamoto. Alikaa ukumbini hapa, akashika kikombe cha kahawa mpaka ikapoa, akanieleza. Nimekaa na habari hiyo miaka miwili nikingoja uniambie mwenyewe.

Hapakuwa na risasi ya njiani. Walikuja kituoni watu wenye bunduki na mapanga, wakataka ufunguo wa gari. Wakamwambia Ishaq aache ufunguo aende kwao, hawana ugomvi naye. Akakataa. Wakampiga kwa matako ya bunduki mpaka akapiga magoti, wakamwambia tena, akakataa tena. Kisha wakamkata. Thani aliona yote kutoka juu ya mnara wa kukaushia mipira. Anasema walitaka gari tu.

Gari, Harub. Mimi nilikuwa na mimba. Mtu anaambiwa weka ufunguo chini urudi kwa mkeo, yeye anaona bora afe kuliko watu waondoke na gari la serikali. Nalala na hilo kila siku. Nikimtazama Hamdiya nasema moyoni, baba yako alituweka sisi upande mmoja na chuma upande mmoja, akachagua chuma.

Sasa niambie kwamba Thani ni mwongo.

Mahbuba


Darsait
11 Februari 1969

Dada Mahbuba,

Assalaam alaykum. Mahfoudh ameanza kusimama kwa kushika ukuta. Nasriya anakwambia usikate tamaa na sisi kwa kuchelewa, na kosa ni langu.

Thani si mwongo. Yeye alikuwa juu, mimi nilikuwa chini, ndani ya shimo la fundi, na gari lilikuwa juu yangu. Alichokiona ndicho kilichotokea. Zaidi ya hapo usiniulize.

Huku pana jambo. Yuko mkandarasi mmoja anateremsha shehena gatini Mutrah. Wiki mbili zilizopita mnyororo wa winchi ulikatika, mzigo wa vyuma ukawaangukia wapagazi wawili. Mmoja tulimtambua kwa pete. Mnyororo ule ulikuwa umekwisha, kila mtu alikuwa akiujua. Wenziwao wakaacha kazi. Wanakaa gatini tangu asubuhi mpaka jua lizame, wanasema mguu wa mtu haupiti mpaka minyororo yote ibadilishwe. Anayewasemea ni Bakhit.

Mkandarasi ana walinzi wake wenye silaha, na mkubwa wao anaitwa Akida Majid. Jana alikuja Baladia akamwambia mudiri kwamba gari la zimamoto tangu sasa liko chini yake. Mudiri hakuweza kumkatalia. Akida akanifuata, akalizunguka gari, akaupigapiga mpira wa maji kwa fimbo.

"Hili linaweza kumwangusha mtu?"

Nikasema linaweza kumvunja mbavu.

"Vizuri," akasema. "Siku ntakayokwambia, utawafagia gatini."

Gati lile halina ukingo, dada. Chini yake ni mashua za shehena zinagongana na mawe, na wale ni watu wa bara, hawajui kuogelea. Nimemwambia nna kazi ya kumaliza kwenye pampu. Ananipa muda mfupi.

Harub


Kuze
3 Machi 1969

Harub mdogo wangu,

Sikuanza kwa kusalimu, nisamehe. Barua yako imeingia leo na leo naijibu, shangazi anampeleka mtu melini.

Wape.

Wape gari, wape ufunguo, wape pampu. Hao watu hukuwavunjia mnyororo wewe. Kama hutaki kushika mpira, shuka, nenda nyumbani, funga mlango, mchukue mwanao mapajani. Mmoja amekwisha kuniacha hivi. Nilimfulia nguo zake baada ya kufa kwa sababu sikuwa na cha kufanya, Harub, nguo ambazo hakuna atakayezivaa. Nasriya usimfanyie hivyo. Ni gari tu. Limezeeka, umesema mwenyewe lilikuwa litupwe bondeni.

Nakuapia, ukifa kwa ajili ya gari sikulilii.

Mahbuba


Kuze
30 Agosti 1969

Harub,

Miezi sita. Nimeandika mara tatu. Nasriya amenijibu mstari mmoja kwamba u hai na kwamba haruhusiwi kusema zaidi. Bi Masouda anauliza habari zako kila baada ya sala, nami namwambia una kazi nyingi.

Ile kauli yangu ya kwamba sikulilii nimeifuta. Andika.

Mahbuba


Darsait
6 Septemba 1970

Dada Mahbuba,

Mwandiko huu ni wa Nasriya, maneno ni yangu. Utaelewa mbele.

Assalaam alaykum. Nimetoka. Mambo ya nchi yamebadilika, amekaa sultani mpya, umesikia redioni, na ngome za wafungwa zimefunguliwa. Nilikaa ndani mwaka mmoja na nusu, pingu za miguu, watu kumi na kitu chumba kimoja na ndoo moja. Mahfoudh aliponiona alijificha nyuma ya mama yake. Sasa anakaa karibu, lakini bado ananiita "yule".

Barua yako ya kusema "wape" ilinifika. Niliisoma nimelala chini ya gari, nikaisoma tena. Nilitaka kukutii. Naapa nilitaka.

Asubuhi yake Akida Majid akaniamrisha nilipeleke gari gatini. Nikalipeleka. Wapagazi walikuwa wamekaa chini, safu kwa safu, na nyuma yao ni bahari. Bakhit aliniona nikishuka. Alivua kilemba chake akakifunga kiunoni kama mtu anayejitayarisha kuanguka. Walinzi wakavuta mpira, wakauelekeza. Akida akasema, "Washa."

Nikafungua boneti kama mtu anayetengeneza kitu. Nikachomoa rota, kile kidude kidogo cha kugawia moto, ambacho bila yake injini haiwaki. Nikakitupa baharini.

"Umetupa nini?"

"Gari limekufa," nikasema.

Wakanishika wanne. Akida akanilazia mkono wa kulia juu ya bampa na mlinzi akaupiga kwa tako la bunduki. Akapumzika, akaniuliza nimetupa nini, akapiga tena. Nilisikia vidole vikivunjika kabla sijasikia maumivu. Nililia kama mbuzi, sikwambii uongo. Wapagazi walipoona wakasimama wote, na walinzi wakafyatua. Watu wawili waliuliwa pale pale, mmoja kapigwa shingoni akatembea hatua kadhaa anaziba kwa mkono. Bakhit alipigwa pajani. Wengine walikimbilia mjini, kwa sababu njia ya mjini ilikuwa wazi.

Kwa hivyo usinifanye shujaa. Watu walikufa vile vile. Najua tu kwamba kama maji yale yangetoka, safu zote zile zingekuwa chini baina ya mashua na mawe.

Mkono umebaki vidole viwili vinavyoshika. Akida Majid ameondoka na mkandarasi, hatujui walikokwenda. Gari lilikaa gatini mwaka mzima linakula chumvi, Baladia wamelirudisha, na wapagazi wenyewe ndio waliolipiga brashi. Bakhit analiendesha, anachechemea. Mimi nakaa kando yake namwambia gia. Wiki jana tumezima ghala la tende.

Umenikasirikia, najua.

Harub


Kuze
12 Oktoba 1970

Mdogo wangu Harub,

Waalaykum salaam warahmatullahi. Nimeisoma mbele ya Bi Masouda, nikaruka pale pa mkono, akaniambia, "Umeruka kitu." Nikamsomea.

Ndiyo, nimekasirika. Nilikwambia wape, na hukuwapa. Una mtoto, una mke anayekuandikia barua kwa sababu huwezi kushika kalamu. Nimezunguka chumbani siku nyingi nikikugombeza peke yangu.

Lakini wewe umenieleza kwa nini. Umenionesha gati, umenionesha mashua na mawe, na watu wamekaa. Nimekasirika na nimeelewa, vyote pamoja. Kwa Ishaq sikupata kuelewa. Nimepata ufunguo tu na panga.

Hamdiya ameanza skuli. Mwalimu amewaambia watoto kila mmoja aseme baba yake anafanya kazi gani. Alirudi akaniuliza, nikamwambia baba yako alikuwa dereva wa zimamoto, walikuja watu wabaya kutaka gari, akakataa, wakamuua. Akafikiri. Ana miaka sita. Akaniuliza, "Walilitakia nini?"

Miaka yote hii sikupata kuuliza hivyo, nimeuliza alisimama wapi na nani alimfunika. Thani alikuwa juu, hakusikia yote. Wewe ulikuwa shimoni, chini ya gari, hatua mbili kutoka miguuni kwake.

Walilitakia nini, Harub?

Mahbuba


Darsait
17 Novemba 1970

Dada yangu Mahbuba,

Assalaam alaykum. Tuko mfungo wa Ramadhani, sote wazima. Barua hii naiandika mwenyewe kwa mkono wa kushoto, imenichukua siku kadhaa, vumilia mwandiko. Sikutaka Nasriya aandike.

Nilisema usiniulize kwa sababu niliona utashindwa kulibeba jambo hili. Nimeona sasa kwamba ulilokuwa unabeba badala yake, kwamba Ishaq hakukujali, ni zito kuliko hili, na tena si kweli.

Niliwasikia vizuri wale watu wa mapanga. Walisema kuna nyumba Mtoni wamejifungia wanawake na watoto na wanaume wachache wenye bunduki za kuwindia ndege. Nyumba ina lango la chuma, wamelijaribu alfajiri limewashinda. Walitaka kitu kizito cha kulivunjia. Gari letu lilikuwa limejaa maji, lingelipasua lango lile kama biskuti. Ishaq akawauliza, nyumba gani. Wakamtajia. Ilikuwa nyumba ya mama yake, Bi Masouda. Wewe ulikuwa ndani, yeye mwenyewe alikupeleka jana yake.

Hawakujua kwamba ni kwao, na hakuwaambia. Alisema, "Ufunguo sina." Walipompiga akasema hivyo hivyo. Alikuwa anajua niko shimoni. Alipoanguka uso wake ulikuja ukingoni, tukatazamana. Ufunguo alikuwa ameshanitupia, wakati walipokuwa wanavunja mlango wa mbele. Nilikuwa nao mkononi muda wote. Alinitikisia kichwa kidogo, kwamba hapana. Damu yake ilinidondokea usoni na sikuinua mkono kufuta.

Alipokwisha kufa walijaribu kulisukuma. Magurudumu ya mbele yakaingia mtaroni, likakwama bado likiwa juu ya shimo langu. Wakatukana, wakaenda Mtoni kwa miguu, jua likiwa limepanda. Walipofika lango lilikuwa wazi na nyumba tupu. Wewe na Bi Masouda mlikuwa mmeshapita mlango wa nyuma mkapanda mashua, wewe ndiye uliyenisimulia hayo, ukasema mlibahatika kwamba hawakurudi mapema.

Nilimfunika mimi, kwa turubai ya gari.

Mwambie Hamdiya walilitaka gari ili waje kwenu.

Harub